Mwalimu Akikosea, Umwambie Saa Ngapi?

Wadau, leo sina video. Nina jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, na nimeamua kuliandika kwa sababu nikilisema mbele ya kamera najijua, nitajipendelea.

Mwezi uliopita kulikuwa na mafunzo ya siku mbili ya upigaji picha hapa Lamu, ya wale wanaoanza kabisa. Bure, tena na chai na mahamri. Tulikuwa 14, wachache na kamera za kuazima, wengi na simu zao. Mwalimu alitoka Nairobi. Jina lake silitaji na waliomleta siwataji, manake hii si posti ya kumwanika mtu. Mwenye kuanikwa hapa ni mimi.

Kwa msionijua, nimekuwa nikitengeneza kontenti kwa simu miaka mitatu sasa, na kamera ya binamu yangu naishika mwaka wa pili. Kwa hivyo niliingia darasani nusu mwanafunzi, nusu mjuaji. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyoniponza.

Swali la leo ni hili: mwalimu akikosea mbele ya darasa, umsahihishe au unyamaze? Watu hulijibu haraka. Wazee wetu watakwambia nyamaza, mwalimu ni mwalimu, adabu kwanza. Vijana wenzangu watasema sema, kosa ni kosa hata likisemwa na profesa. Mimi katika siku mbili nilifanya yote mawili. Siku ya kwanza nilisema, siku ya pili nikanyamaza. Na mara zote mbili nilikosea mimi.

Nianze na ya kwanza. Asubuhi ile mwalimu alifundisha tundu la lenzi, lile linalofunguka na kujifunga kuruhusu mwanga uingie. Ubaoni alichora miduara miwili. Mkubwa akauandikia f/4, mdogo f/16. Sawa kabisa. Kisha akatugeukia akasema, "Kwa hivyo mkiwa na mwanga mdogo, pandisheni namba. f/16 inaingiza mwanga mwingi kuliko f/4."

Wanaojua mshaona. Ni kinyume. Namba ile ni hesabu ya kugawanya: unachukua urefu wa fokasi ya lenzi, unagawanya kwa upana wa tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwa kwenye f/2, tundu lina upana wa milimita 25. Ipeleke f/16, tundu linabaki kama milimita 3 hivi. Ndiyo maana namba ikipanda tundu linasinyaa. Ukitoka f/4 kwenda f/16, unabaki na sehemu moja tu kati ya 16 za mwanga uliokuwa nao.

Mimi hata mkono sikuinua. "Mwalimu, hapo umekosea. Ni kinyume." Na ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikaendelea na hesabu yote, milimita 50, milimita 25, milimita 3, huku nawatazama wenzangu badala ya kumtazama yeye. Wallahi nilikuwa naona raha. Nilikuwa kama niko laivu.

Mwalimu akautazama ubao, akasema, "Ni kweli, ulimi umeteleza." Mtu alikuwa ameshuka basi Mokowe jana yake magharibi baada ya safari ya kutwa nzima, akavushwa kwa boti, na asubuhi na mapema yuko mbele yetu. Mchoro wake ulikuwa sahihi. Kilichokosea ni mdomo. Lakini kuanzia hapo darasa likapoa. Yule mtu aliyekuwa akitembea huku na huko na kutuchekesha akaanza kusoma kutoka kwenye karatasi zake, neno kwa neno, kama anayeogopa mtego.

Na hilo si baya zaidi. Nyuma yangu alikaa dada mmoja kutoka kisiwa cha Pate, mara yake ya kwanza kushika kamera. Kabla ya mimi kufungua kinywa alikuwa ameshauliza maswali mawili matatu, yale ya msingi ambayo sote tuliyataka lakini tuliona haya kuyauliza. Baada ya hapo, kimya mpaka jioni. Tukiwa kwenye chai nikamuuliza, vipi, mbona umenyamaza? Akaniambia, "Ikiwa mwalimu anaambiwa vile, mimi nikikosea nitaambiwaje?"

Hapo mahamri yalinikwama.

Sasa fikirini nami. Lile kosa la mwalimu lingemdhuru nani? Baada ya dakika 20 tulitoka nje na kamera kujaribu tulichofundishwa. Yeyote ambaye angeweka f/16 kwenye chumba chenye giza, bila kugusa kitu kingine, angeona picha nyeusi tititi. Kamera yenyewe ingemsahihisha mwalimu, na isingemwaibisha. Au ningeweza kusema maneno manne: "Mwalimu, tujaribu hapa hapa?" Angejaribu, angeona, angecheka, na sote tungejifunza jambo moja zaidi, kwamba hata anayejua hukagua.

Jioni ile nikakaribia kurudia. Mwalimu alisema kupandisha ISO hakuongezi mwanga wowote ndani ya kamera, kunakuza tu ishara ya ule mwanga ulioshaingia, na ndiyo maana picha inakuwa na chembechembe. Mimi nilikuwa nimekaririshwa na video za intaneti kwamba ISO inaifanya kamera iwe "nyepesi kuhisi mwanga". Nikataka kuruka tena. Bahati yangu aibu ya asubuhi ilikuwa bado mbichi, nikajizuia, nikarudi nyumbani nikasoma. Kumbe mwalimu alikuwa sawa, aliyekaririshwa vibaya ni mimi. Kwa hivyo wewe mwenye mkono mwepesi, kumbuka kuna uwezekano wa tatu ambao wajuaji huwa hatuuhesabu: pengine aliyekosea ni wewe.

Basi nikalala nikiwa nimejiapiza. Kesho sifungui mdomo. Nitakuwa mwanafunzi mwenye adabu kuliko wote. Na hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Siku ya pili ilikuwa ya kutembea mjini. Tulianzia Mkunguni, pale mbele ya Ngome, ili tuingie Usita wa Mui na kusambaa mitaani. Kabla hatujaondoka mwalimu akatupa somo la picha za barabarani. Akasema, "Msiombe ruhusa. Ukiomba, uso unabadilika, picha inakufa. Piga kwanza, tabasamu baadaye."

Nitamtetea kidogo. Hayo hakuyazua yeye. Ndivyo wanavyofundishwa wapiga picha wengi wa barabarani duniani, na kuna picha maarufu zilizopatikana hivyo hivyo. Katika nchi kadhaa, mtu akiwa hadharani sheria inakuruhusu kumpiga. Yeye alikuwa anatuletea alichofundishwa.

Lakini sisi wenyeji tuliosimama pale tulijua. Tulijua kwamba mitaa yetu ya Mkomani na Langoni si barabara ya mji mkubwa. Vichochoro ni vyembamba hivi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hungoja. Ukipita mlangoni kwa mtu unaona daka, na daka si barabara, ni mwanzo wa nyumba. Mwanamke aliyekaa pale amekaa kwake. Tunajua kwamba kwenye harusi zetu, upande wa wanawake, simu huambiwa zikae mkobani. Hakuna mtoto wa Lamu asiyejua haya. Mimi nilijua. Nilimtazama mwalimu, nikakumbuka jana, nikajiambia: nyamaza, usijitie mjuaji tena.

Hatukufika mbali. Kijana mmoja wa darasa letu, si mwenyeji wa hapa, akamwona mama mmoja dakani kwake akimlisha mjukuu uji, mtandio umemshuka mabegani. Mwanga ulikuwa mzuri, sikatai. Akapiga, akatabasamu kama alivyofundishwa, akaenda zake. Na kwa kuwa alipiga kwa simu, kufika kona ya pili ile picha ilikuwa ishaingia kwenye stetasi yake ya WhatsApp.

Mtoto wa yule mama akatufuata. Sauti zikapanda, watu wakajaa, mzee mmoja akaingilia kati tukatulia. Picha ikafutwa kwenye simu, ikaondolewa kwenye stetasi. Lakini kufuta ni kufuta kwako tu. Walioiona wameiona, na nani ajuaye nani kaihifadhi.

Turudi kwa yule mama. Namjua. Mtaa wetu mmoja. Nikiwa mdogo nimekula kwake mara ngapi sijui. Hakumwangalia mwalimu, hakumwangalia yule kijana. Aliniangalia mimi, akasema, "Nawe mwanangu, ulikuwapo?"

Sikuwa na la kumjibu.

Mwalimu aliomba radhi pale pale, na aliomba vizuri, kwa kichwa kilichoinama. Tuliporudi akanivuta kando. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Jana uliniambia ya namba. Ya leo mbona hukuniambia?"

Wadau, posti yote hii ningeweza kuimaliza kwa swali hilo. Jana niliona kosa linalomdhuru hakuna mtu, nikalipigia kelele. Leo nikaona kosa linalokwenda kumwangukia mtu asiyekuwemo hata darasani, nikaliita kunyamaza kwangu adabu. Haikuwa adabu. Ilikuwa ni woga uliovaa kanzu.

Ndipo nikaona kwamba swali letu la "nisahihishe au ninyamaze" tunaliuliza vibaya. Mizani isiwe ukubwa wa mwalimu, wala uhakika wako. Uliza: kosa hili likiachwa, atakayelilipa ni nani, na atalilipa lini? Ikiwa atakayelipa ni mwanafunzi mwenyewe, kwa picha moja nyeusi atakayoifuta, basi una muda. Ngoja chai. Ikiwa atakayelipa ni mtu wa tatu, au kamera ya watu inakwenda kuharibika, au kuna jambo ambalo likishafanyika halirudi, huna muda. Sema sasa hivi, hata kama sauti inatetemeka.

Na mtu asiniambie kwamba kumkatiza mwalimu ni utamaduni wa kigeni. Sisi watu wa hapa tunasahihisha viongozi wetu kila siku, tena msikitini. Imamu akisahau rakaa, maamuma hawangoji atoe salamu ndiyo waanze kunong'onezana. Wanaume watasema "Subhanallah", wanawake watapiga kofi la mkono. Akikwama kwenye aya, aliye nyuma yake anayeijua humsomea. Tazama hilo lilivyopangwa vizuri. Linafanyika pale pale, kwa sababu sala ya wote iko hatarini. Haliongezwi maelezo. Na neno lenyewe si la kumlaumu imamu, ni la kumtakasa Mungu. Mimi nalielewa kama kusema: asiyesahau ni Mmoja tu, sisi wengine tukumbushane. Imamu hurudi kwenye rakaa yake, sala inaendelea, na baada ya hapo bado ni imamu wetu.

Sasa linganisheni na nilivyofanya mimi kwa ile f/16. Mimi sikumkumbusha mtu rakaa. Mimi nilipanda mimbari.

Baharini ni hivyo hivyo. Chombo kina nahodha mmoja, na tunasema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hakuna baharia anayemkosoa nahodha kwa namna alivyokunja kamba. Lakini baharia aliye mbele akiona fungu la mchanga, maji yanatoka, haangalii nani mkubwa. Anapiga ukelele. Nahodha atakayemfokea kwa ukelele huo hafai kupewa chombo. Na baharia anayeliona fungu akanyamaza kwa kuwa jana alitolewa makosa, huyo naye si mwenye adabu, ni mzigo.

Wako watakaosema: lakini ile ya picha ni maoni tu, mwalimu ana mtindo wake, nawe una wako. Hapana. Lamu haina ugeni na kamera hata tuambiwe tunaogopa picha. Marehemu Omar Said Bakor, mzaliwa wa hapa mwaka 1932, alijifundisha mwenyewe upigaji picha akafungua studio yake humu humu mjini, Bakor Studio, na picha zake za kukata na kuunganisha zimeandikwa na watafiti. Watu walimwendea. Tofauti ni kwamba anayekwenda studio amejipeleka mwenyewe. Amechagua nguo, amechagua siku, amejua anapigwa. Watu wa hapa hawakatai kamera. Wanataka kuulizwa.

Na kama heshima haitoshi, sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha inayomtambulisha mtu ni data yake. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kumweka mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Sisi tunaotafuta riziki kwa picha hatuwezi kujifanya hatukusikia. Kwa hivyo lile somo la "piga kwanza, tabasamu baadaye" lilihitaji mtu mmoja tu wa kusema, "Mwalimu, hapa kwetu hilo litatuletea matata. Tuombe kwanza." Sentensi mbili. Sikuzisema.

Maneno yenyewe pia yana uzito. Kosa dogo, liulize kama swali, lakini liwe swali kweli. Wapo wanaouliza "Mwalimu, una uhakika?" kwa sauti ambayo kila mtu anajua ni kofi. Afadhali useme wazi kuliko hivyo. Sema "tujaribu", kwa sababu kujaribu hakuna mshindi wala mshindwa. Au mfuate pembeni, umwachie yeye mwenyewe alirekebishe mbele ya darasa. Mwalimu anayejirekebisha mwenyewe anapanda machoni pa wanafunzi, hashuki. Lakini kosa la hatari usilifunge kwenye kitambaa cha swali. Ukisema "Mwalimu, sijui pengine labda…" hakuna atakayekusikia. Sema wazi, sema kwa heshima, sema mara moja, ukae.

Na kabla ya yote hayo, jitazame. Ukihisi raha kidogo kifuani wakati unainua mkono, ushushe kwanza. Ile raha ndiyo dalili. Jana yake niliiona raha hiyo. Siku ya pili, nilipotakiwa kusema, niliona hofu. Nimeanza kuamini kwamba usahihishaji wenye maana mara nyingi hauna raha ndani yake.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwalimu akianza darasa kwa kusema "nikikosea niambieni", anatuondolea nusu ya mzigo. Na huyu wetu, baada ya yote, ndivyo alivyomaliza. Mbele ya darasa zima akasema lile somo lake la asubuhi halikufaa mahali hapa, na tukatoka tena alasiri, safari hii kila mtu akiomba. Unajua nani alipata picha nzuri kuliko zote? Yule dada wa Pate. Alikaa na fundi mmoja wa kuchonga milango karibu nusu saa, wakapiga soga, ndipo akainua kamera. Uso haukubadilika. Picha haikufa.

Mimi nilikwenda na mama yangu kwa yule jirani yetu siku iliyofuata. Sikubeba kamera. Nilimwambia nilikuwapo, nilijua, na nilinyamaza. Alinyamaza naye kidogo, kisha akamwagiza mjukuu alete kahawa. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Siku nyingine useme."

Jumamosi naanza kuwafundisha vijana sita wa mtaani kwetu kupiga picha kwa simu. Nitakosea, hilo halina shaka. Nishajua nitakachowaambia kabla hata sijawasha simu: nikikosea namba, ningojeni kwenye chai. Nikikosea kwa mtu, nikatizeni hapo hapo.